Sura ya Sita Someni Maktaba

Tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu, Cibalonza alifundisha darasa la sita katika mtaa wa Kadutu. Saa tisa alasiri alipanda mlima kwenda kuwa mwanafunzi yeye mwenyewe, katika Taasisi ya Jitahidi, chuo kidogo cha walimu wanaotafuta diploma. Na maktaba ya chuo hicho ilifunguliwa saa mbili asubuhi, ikafungwa saa sita. Jumamosi ilikuwa siku ya Salongo, watu wote wakifyeka majani kwa ajili ya taifa la Zaïre, kwa hiyo maktaba haikufunguliwa kabisa. Chuo cha watu wenye kazi asubuhi, maktaba yake inafunguliwa asubuhi. Aliyepanga hivyo labda alikuwa na ugomvi na walimu.

Pengine mambo yangeishia kwenye manung'uniko, kama si mwalimu wa takwimu. Bwana huyo alikuwa na kitabu kimoja tu cha Ubelgiji alichowasomea wanafunzi neno kwa neno, sura ya kwanza hadi ya tano. Siku ya mwisho akakifunga na kusema, “Chapitre six, mutasoma bibliothèque.” Mtihani ulipokuja, maswali yote manne yalitoka sura ya sita. Wanafunzi hamsini na wawili waliufanya, saba wakafaulu.

Cibalonza alipata sita juu ya ishirini. Ilibaki nafasi moja, mtihani wa marudio wa Septemba. Akianguka tena, jina lake linakatwa kwenye orodha ya chuo, na mkuu wa shule yake alikuwa amekwisha kumwambia bila kumung'unya maneno: darasa la sita litapewa mtu mwenye diploma. Miaka minne alikuwa amelilea darasa lile.

Chuo nacho hakikulala. Kilikuwa na kamati ya kuchunguza sababu za kufeli, kamati iliyochukua miezi minane kukutana mara moja. Ilipokutana, Cibalonza aliitwa atoe maoni ya wanafunzi.

“Citoyenne,” katibu wa masomo alimwuliza, akimwita mwananchi kama serikali ilivyoagiza, “juu ya nini banafunzi banaanguka?”

“Kitabu iko moja, na bibliothèque inafungwaka wakati tuko ku kazi. Mufungue saa tisa, basi.”

Katibu aliandika kwa muda mrefu, mpaka Cibalonza akaanza kuwa na tumaini. Kisha akainua kichwa. “Naona. Munakosa volonté.”

Masikio yalimwaka moto kwa hasira. Alikuwa amesema maneno machache, ya kueleweka hata na watoto wake wa Kadutu, na ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Basi dawa ya kufeli ikapatikana: semina kuhusu hiyo volonté, yaani utashi. Mtaalamu aliletwa kutoka Kinshasa, na Jumamosi moja ya Agosti wanafunzi wote walisamehewa Salongo ili waje wamsikilize. Ukumbi uliochaguliwa ulikuwa maktaba, maana ndiko kulikokuwa na viti vizima.

Ndivyo Cibalonza alivyoingia maktaba kwa mara ya kwanza.

Mtunza maktaba alikuwa Papa Grégoire. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Citoyen Bisimwa, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini majirani ni majirani, hawakuacha kumwita jina alilobatizwa. Ukutani alikuwa ametundika barua ya pongezi: miaka nane, kila mkaguzi alipohesabu, hakuna kitabu kilichopotea wala kuharibika. Siku hiyo alikuwa amefungua makabati yote ya vioo ili mgeni aone jinsi vitabu vinavyong'aa.

“Penye nia pana njia,” mtaalamu alisema.

Njia ilikuwepo kweli, mkono mmoja kutoka kiti cha Cibalonza: kitabu cha kijani, nakala ya kile kile cha takwimu. Wakati wa chai alikitoa kabatini, akakifungua. Hakikufunguka. Vitabu vingi vya Ulaya siku zile vilifika kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, na msomaji wa kwanza ndiye aliyezikata kwa kisu. Miaka nane, na msomaji wa kwanza alikuwa hajafika.

“Papa Grégoire,” alimwita kwa sauti ya chini. “Hii haiyakatwa.”

“Njo maana ingali neuf, mupya kabisa, maman,” mzee alijibu kwa furaha. “Rudisha pale. Ukikata, ku orodha ya inventaire banaandika abîmé, imeharibika.”

Cibalonza alikirudisha. Alijaribu kwelikweli kuwa mtu mwema. Lakini mtaalamu aliposhika tena kiti chake na kuanza, “Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata,” kitu kikamkatika moyoni. Alinyanyuka, akaenda kwenye meza ya chai na kuazima kisu cha mkate cha maman Agnès, mpishi wa chai. Akarudi na kitabu kwenye kiti cha nyuma, akakata sura ya sita yote, ukurasa baada ya ukurasa, huku makombo ya mkate yakidondoka juu ya takwimu. Kisha akanakili. Saa mbili nzima hakusikia neno lingine la utashi.

Jioni Papa Grégoire alipohesabu vitabu vyake, alikishika kile cha kijani kwa mikono miwili. “Miaka nane, maman,” alisema tu. “Miaka nane.” Cibalonza alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamwongezea hasira.

Kamati ya nidhamu haikuhitaji miezi minane. Jumamosi kitabu kilikatwa, Jumanne barua ikatoka, imesainiwa na katibu wa masomo: kwa kuharibu mali ya taifa, Citoyenne Cibalonza haruhusiwi kukanyaga maktaba kwa miezi mitatu.

Septemba alifanya mtihani, akapata kumi na tatu. Darasa lake likabaki lake. Na ripoti ya chuo ikaandika kwamba mwanafunzi huyo ni tunda la semina.

Oktoba ikaandaliwa semina ya pili, na tunda likaalikwa kutoa ushuhuda. Alipofika mlangoni pa maktaba, Papa Grégoire alinyoosha mkono wenye barua ya kamati ya nidhamu.

“Samahani, maman. Miezi tatu haiyaisha.”

“Mwache aingie,” katibu alisema toka ndani.

“Citoyen Secrétaire, signature ni ya kwako.”

Katibu alikuja kuikagua saini yake. Ikaamuliwa ushuhuda utolewe kizingitini. Karibu na mguu wa Cibalonza, barazani, palikuwa na rundo la vitu vilivyofutwa kwenye orodha ya chuo: kiti cha miguu mitatu, na kando yake kitabu cha kijani. Kitu kilichoharibika hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakifungiwi. Kurasa za sura ya sita zilikuwa zimechafuka kwa vidole vya wasomaji. Sura nyingine zote zilikuwa bado zimeshikana.

“Elezea benzako,” katibu alimhimiza. “Nini ilikusaidia kufaulu?”

Cibalonza aliwatazama wanafunzi wapya waliogeuza shingo kumwona, na vioo vilivyong'aa nyuma yao.

“Kisu ya mukate ya maman Agnès,” alisema.

Walicheka, wakapiga makofi. Katibu aliandika kwamba wanafunzi wanaomba mkate uongezwe.

Mkate uliongezwa siku ileile. Ila wakati wa chai maman Agnès alilazimika kuumega kwa mikono, akiuliza kiti hadi kiti ni nani aliyechukua kisu chake.