Kipeuo cha Tatu cha Hasi Nane

Karatasi ya mtihani ilikaa juu ya friji siku tatu bila sahihi ya mzazi, kwa sababu Bogna Wilczek aliapa hatii jina lake chini ya uongo. Shule ile ya Bielefeld, mji wa Kijerumani, haikupokea mtihani wa darasani uliorudi bila kusainiwa, na hilo alilijua. Wangoje. Karatasi ilikuwa na alama ya nne, na kule moja ni ya vipanga, sita ni ya waliolala. Kalina, binti yake, alihitaji tatu katika hesabu ili aendelee na kidato cha juu. Zilimpungukia pointi mbili, na zote mbili zililiwa na swali moja.

Swali lilisema: rahisisha ∛(x³), kisha useme x inaweza kuwa namba zipi. Kalina aliandika: x, namba yoyote. Mwalimu akapitisha wino mwekundu juu ya "namba yoyote" na kuandika pembeni: kuanzia sifuri kwenda juu tu.

Bogna aliendesha foklifti kwenye ghala la mboga za kugandishwa, lakini huko kwao Łomża alikosoma alikuwa wa kwanza wa hesabu miaka minne mfululizo, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Hasi mbili mara hasi mbili mara hasi mbili ni hasi nane. Basi kipeuo cha tatu cha hasi nane ni hasi mbili, na mtoto wa Łomża analijua hilo huku anatafuna mkate. Jumapili kabla ya mtihani alikaa na Kalina mezani jikoni hadi viazi vikaungua, akimfundisha hayohayo. Sasa mtu mmoja mwenye sweta la vifungo anasema mwanawe kakosea. 

Siku ya wazazi kila familia ilipewa dakika kumi. Bogna aliingia na buti zake za kazini, Kalina nyuma yake.

"Karibu, mama. Kaa kwanza," alisema Bwana Uphoff.

"Sikuja kukaa, mwalimu. Kipeuo cha tatu cha hasi nane ni ngapi?"

Mwalimu alivua miwani. Alizoea wazazi wenye hasira. "Kwetu hakipo. Vipeuo tunavitoa kwenye sifuri na namba chanya tu. Kanuni hiyo imo kitabuni, ukurasa wa thelathini na nne."

"Hakipo? Mimi nilikiacha kizima shuleni miaka ishirini na tano iliyopita. Kimefia wapi?"

Kalina alitazama viatu vyake. Bwana Uphoff akachukua chaki.

"Tazama, mama. Kipeuo cha tatu tunaweza kukiandika kama kipeo cha 1/3. Na 1/3 ni sawa na 2/6. Haya, hasi nane kwa kipeo cha pili ni sitini na nne. Kipeuo cha sita cha sitini na nne ni mbili. Ile hasi yako imekwenda wapi? Namba ileile, majibu mawili. Ndiyo maana mlango tumeufunga."

Bogna aliutazama ubao, na kwa kitambo kidogo aliogopa. Kisha akaona pa kushika.

"Nani kakuruhusu kukigeuza kipeuo kuwa kipeo cha sehemu? Kwetu vipeo vya sehemu ndivyo visivyogusa namba hasi. Kipeuo chenyewe hakina kosa. Umeharibu mwenyewe njiani, halafu unamkata mwanangu pointi. Hesabu haina pasipoti, mwalimu."

Bwana Uphoff aliyasoma upya maandishi yake mwenyewe ubaoni. "Hoja yako imesimama," alisema hatimaye. "Kanuni yenu nayo haina tundu. Lakini darasa zima lilifundishwa hii, na wote nimewasahihisha kwa hii."

"Mwanangu kaja hapa Januari. Nani kamwambia?"

Kalina alijibu kwa Kijerumani, si kwa lugha ya nyumbani, ili mwalimu naye asikie.

"Nilikuwepo, mama. Kanuni yao nilikuwa nayo kwenye daftari. Wewe ndiye uliyeikata kwa kalamu Jumapili ile, ukasema nikiandika upuuzi huo nisijiite mtoto wako. Kwenye mtihani nilikaa na lile swali robo saa. Nilijua nikiandika yao napata pointi. Nikaandika yako."

Bogna alikumbuka jinsi kalamu ilivyochana karatasi ya daftari. Hasira alizokuja nazo bado zilikuwepo zote, ila sasa hazikuwa na mtu wa kumwendea isipokuwa yeye mwenyewe.

"Alama ya mtihani haibadiliki," mwalimu alimwambia Kalina taratibu. "Ya kuzungumza darasani bado iko wazi, na tangu Januari hujanyoosha mkono. Jumanne uje ubaoni uwaeleze wenzako kanuni zote mbili, na kwa nini kila moja imefunga pale ilipofunga. Ukieleza vizuri, tatu utaifikia."

"Basi Jumapili tutakaa tu..." Bogna alianza.

"Hapana," Kalina alisema. "Jumapili usikae mezani na mimi."

Mlangoni aligonga mzazi mwingine. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Bogna aliitoa karatasi mkobani, akaomba kalamu. Mwalimu alipapasa mifuko, hakuwa na nyingine ila ile nyekundu. Bogna akaipokea, akaandika jina lake lote chini ya ile nne, akamrudishia binti yake karatasi.