Hajji Aliyerudi kutoka Rukoki

Kinyozi Blasio alipitisha mashine kisogoni mara ya mwisho, akapangusa nywele kwa taulo. "Imeisha, muzee. Sasa unafanana Hajji kabisa."

Muhammed alimlipa. Alivaa kanzu mpya, akaenda stendi ya Kasese kutafuta gari la kwao Bwera. Mahujaji wa kweli walikuwa wamerudi jana yake. Yeye muda wote huo alikuwa Rukoki, nje kidogo ya mji wa Kasese, amejifungia katika chumba cha kupanga, akimtumia mkewe Asmah ujumbe kwamba mtandao wa Makka ni mgumu.

Alikuwa ameuza lori lake ili aende. Shakib, wakala wa safari, alipokea pesa, akaahidi viza, kisha akafunga ofisi. Polisi walimwambia alete mafuta ya pikipiki ndipo wamtafute. Angeweza kurudi nyumbani siku ile ile. Lakini Bwera ilikuwa imemsindikiza kwa dufu na machozi. Angewatazamaje?

Siku ya Arafa alijifunga zile shuka mbili za ihramu zisizoshonwa, peke yake mle chumbani. Shehe aliwahi kuwafundisha kwamba zinafanana na sanda, ili tajiri na maskini wasimame sawa mbele ya Mola, hawana cha kuficha. Muhammed alizivua upesi, kama mtu aliyevaa nguo ya wizi.

Nyumbani alikuta mikeka imetandikwa uani, pilau inanukia. Watu walimshika mikono, wengine wakajipaka usoni baraka zake. "Karibu, Alhaji." Aliitikia, na kila alipoitikia shingo ilimwaka moto.

Kisha akaja jirani yake, mama mmoja aitwaye Habibah. Mafuriko ya mto Nyamwamba yalimchukua mwanawe Baker kule Kilembe, na mwili haukupatikana. Kabla ya safari alikuwa amemwomba Muhammed jambo moja tu: amtaje Baker pale Arafa, siku ambayo dua hairudi bure.

Alikaa kando yake mkekani. "Alhaji, mutoto yangu ulimutaja?"

Muhammed alifungua kinywa kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Sikufika, mama. Nilikuwa Rukoki."

"Rukoki gani?"

"Hii yetu. Shakib alikula pesa yangu. Nywele nimenyolewa Kasese leo asubuhi."

Waliokuwa wakila wakaacha. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza. Asmah, aliyekuwa akiwanawisha wageni, aliweka birika chini, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Sasa Baker," Habibah aliuliza taratibu, "hakuna mutu alimutaja?"

"Hakuna, mama."

Mwenyekiti wa msikiti alikohoa. "Muhammed, aibu yako ungeificha. Na jina ya Shakib uiache. Ni yeye alitupatia mabati ya musikiti."

Muhammed alijua hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Wakubwa walikuwa wanamtazama, na heshima yote iliyokuwa imembakia ilikuwa katika kunyamaza huko.

"Ile mabati ni lori yangu," alisema. "Munaswali chini ya lori yangu."

Mmoja mmoja wageni wakainuka kutafuta viatu. Habibah peke yake alibaki mkekani, mikono mapajani, na Muhammed hakuthubutu kumwinulia macho.