Betri ya Tatu ya Mwalimu Ramzi

Ukitaka kumtoa roho Fundi Wagdi, mwambie hajui umeme wa magari. Mtaa mzima wa Shubra ulijua hivyo, isipokuwa Mwalimu Ramzi, ambaye asubuhi hiyo alilikokota gari lake jekundu hadi gereji kwa mara ya sita.

"Limekufa tena!" alifoka kabla hata ya salamu. "Betri ya tatu, fundi! Ya tatu! Mke wangu Insaf amekosa kusafishwa damu hospitalini mara nne. Unangoja nimzike ndipo uniambie kazi imekushinda?"

Wagdi alimeza hasira pamoja na maharage yaliyokuwa mdomoni. Betri ikashinda kwenye chaja. Jioni akaipima: volti kumi na mbili na nusu na ushei. Akawasha injini, mita ikapanda hadi kumi na nne. Altaneta inachaji, mkanda umekaza, taminali za betri safi. Akazima, akatafuta waya unaonyonya umeme kimyakimya, hakuna. Kinyozi wa jirani akaja kusema ni mkanda. Muuza chai akasema ni kijicho. Wagdi alitamani kuwarushia spana wote wawili.

"Gari hili ni zima kuliko mimi na wewe," alimwambia Ramzi alipokuja kulichukua. "Linakufa siku gani?"

"Siku za hospitali, siku gani nyingine? Jumamosi, Jumatatu, Jumatano."

"Na Ijumaa, ukienda kwa dada yako?"

"Ijumaa linawaka mara moja."

Wagdi akaweka mita chini. Tangu lini betri ikajua kalenda?

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, alifika kwa Ramzi na gari lake bila kualikwa. Gari lilikuwa limefunikwa turubai kwa ajili ya vumbi, kama magari yote ya uchochoro ule. Akalifunua. Taa kubwa za mbele zilikuwa zinawaka, zimefifia, rangi ya chai ya jana.

Mlango ukalia nyuma yake. Bi Insaf alikuwa anashuka ngazi polepole, ufunguo wa akiba mkononi. Alipomwona akasimama.

"Mama, kumbe ni wewe?" Wagdi aliwaka. "Miezi miwili mumeo ananiona tapeli! Nimefungua waya mmoja mmoja! Unaziwasha usiku, asubuhi unawahi kuzizima?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Lakini kwa nini?"

Akapandisha mkono wa gauni. Ngozi ilikuwa imejaa vinundu vya sindano kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. "Nimechoka. Nikimwambia Ramzi sitaki kwenda, atalia. Nikasema, acha gari likatae badala yangu."

Ramzi akatokea na mfuko wa nguo. "Limekufa tena?"

 Wagdi akaunga nyaya kutoka betri ya gari lake mwenyewe, akapiga stata, injini ikaunguruma.

"Alhamdulillahi! Ilikuwa nini?"

Wagdi akainama kuchomoa nyaya. 

"Ni mimi, Ramzi," Insaf alisema. "Nawasha taa usiku. Sitaki tena sindano."

 Ramzi akaingiza mkono dirishani, akazima injini.

Betri ilikuwa haijapata chaji hata ya dakika mbili. Mteja mwingine angetukanwa hadi babu zake. Wagdi akazikunja nyaya zake. Ramzi alikuwa ameketi ngazini na mkewe, ameupakata ule mkono, anauliza jambo ambalo miezi yote miwili hakuliuliza.

"Inauma wapi?"