Basi Ndani ya Basi

Fundi wa kuchomelea aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bati alikuwa amejibana kwa kila kitu. Tiketi alikata kwenye basi la bei ya chini kabisa, lile linalosimama kila mtu anapoinua mkono. Kiti alichagua cha nyuma, juu ya injini, ambako abiria hufika mwisho wa safari wameiva. Chakula kingetoka nyumbani, viazi vya kuchemsha na mayai. Kulala angelala ukumbini kwenye mkutano wenyewe, maana walioitisha walishasema mwenye mkeka wake asihangaike kutafuta nyumba ya wageni.

Kitu kimoja tu alisahau kukipima, na ndicho hicho kilichokuwa kinamsafirisha.

Lilikuwa basi la bati. Alikuwa amelitengeneza kwa madebe ya mafuta na mabaki ya karakana, urefu wake kama kitanda cha mtoto. Madirisha yalisogea, milango ilifunguka, taa ziliwaka kwa dainamo ya baiskeli, na usukani ukizungushwa matairi ya mbele yanakata kona. Wanaounda magari ya namna hiyo walikuwa wanakutana mji mwingine, kila mtu na lake.

Bati hakuwa anafuata zawadi. Tangu alipoacha shule akiwa mdogo akashika nyundo, haukupita mwaka bila mtu kumuuliza ataacha lini kuchezea vigari. Aliulizwa na walimu, akaulizwa na tajiri wake wa kwanza, na hata baba mkwe alimuuliza siku ile anapeleka posa. Sasa alikuwa na mvi. Halafu mteja mmoja akamwonyesha picha kwenye simu: wanaume wazima, wengine na vipara, wamekaa sakafuni kando ya malori ya bati wakibishana kwa vidole. Bati aliiangalia ile picha mpaka mwenye simu akaidai simu yake. Alitaka kukaa siku moja tu na watu wasiomuuliza swali lile.

Siku moja kabla ya safari alikwenda yadi ya mabasi na tepu ya kupimia. Msimamizi wa yadi, jibaba lenye filimbi shingoni, alimkuta ameingiza nusu ya mwili kwenye buti la basi.

"Bati, unapima nini humo? Unataka kuhamia?"

"Napima kama mzigo wangu utaingia."

"Mzigo gani?"

"Basi."

Msimamizi alicheka mpaka filimbi ikarukaruka kifuani. "Basi ndani ya basi! Na hilo lako nalo lina buti?"

"Linalo. Na linafunguka."

Bati akavuta tepu. Haikufika mbali, ikagonga chuma. Katikati ya buti palikuwa na mabomba matatu yamesimama wima, yameligawa vipande viwili, kila kipande na mlango wake. Alipitisha kidole kwenye mchomo akaujua mara moja, kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Ni yeye aliyeyaweka. Kampuni ilimwita, miaka kadhaa iliyopita, agawanye mabuti ya mabasi yake yote ili mizigo isikimbie huku na huku kwenye kona. Na sasa basi lake lilikuwa refu kuliko kipande chochote kati ya hivyo viwili.

"Nikate haya mabomba leo," akasema, "nikirudi nayarudishia bure."

"Hukati."

"Ni kazi ya muda mfupi tu, mkubwa."

"Bati, siku ulipoyaweka ulisemaje? Si ulijipiga kifua hapa hapa, ukasema hata tembo akiyaegemea hayang'oki? Nikampelekea tajiri maneno hayo, akakulipa. Sasa tembo ndiye wewe?"

"Juu ya paa je?"

"Juu hatupakii tena, wamekataza. Likalishe kwenye viti, ulilipie kama abiria."

Bati akakunja tepu. Nauli ya ziada hakuwa nayo, na pesa ya nyumbani alikwisha kuahidi kwamba haigusi. Aliondoka bila kuaga.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, kazi yake akiifanyia kibarazani. Alipomwona mumewe anakuja ameinamisha kichwa hakusimamisha mashine.

"Vipi, mke mwenzangu kakataliwa kupanda gari?" Hivyo ndivyo alivyoliita lile basi tangu lilipoanza kulala ndani.

Bati akamweleza yote, mpaka habari ya tembo. Mkewe alicheka kwa tembo, halafu akasimamisha cherehani.

"Likate."

"Nikate nini?"

"Si mabomba ya watu. Hilo lako."

"Mama watoto, lile bodi ni kipande kimoja kutoka pua hadi mkia. Hakuna fundi anayekata kazi iliyokwisha."

"Mimi je, nafanya nini hapa kila siku? Mteja ananiletea kitambaa amekinunua kwa kujinyima, nakitandika mezani, nakipiga mkasi. Silii. Nisipokikata atavaa nini, jora?"

"Kitambaa si bati."

"Haya, kaa nalo hapa ulifute vumbi. Mkutano utaendelea bila nyinyi wawili."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Bati. Alisimama pale akilitazama basi lake kupitia mlangoni, limeng'aa, halina hata mkwaruzo. Lingeweza kubaki hivyo mpaka yeye afe. Akaenda kuchukua msumeno wa chuma.

Mkewe alifuata na chaki yake ya kushonea. Alilizunguka basi kama anayempima mteja mnene, kisha akachora mstari nyuma tu ya mlango wa kati, pale nguzo ya dirisha ingeficha mshono. Bati akapitisha kidole kwenye mstari, akakubali. Hakutumia grenda, maana moto wa grenda ungebabua rangi. Alikata kwa mkono, taratibu, ameuma meno, na meno ya msumeno yalipotoboa upande wa pili alifumba macho kidogo, akaendelea. Basi likawa mawili.

Baada ya hapo mikono yake ilirudi kwenye kazi inayoijua. Alichomelea fremu ya chuma bapa kwa ndani ya kila nusu, nukta kwa nukta ili rangi isiungue, akatoboa matundu yanayotazamana, manne, ya kuziunga tena kwa bolti. Bolti alizozikuta kwenye kopo lake zilikuwa ndefu mno kwa kazi hiyo. Alizijaribu, zikashika, ila mikia ilibaki imetokeza ndani kama misumari ya fundi mbovu. Za kununua hazikuwa kwenye hesabu ya safari.

"Ukiziona funga macho," akamwambia mkewe.

"Uliponioa nilikuwa nimeyafunga tayari," mkewe akajibu.

Asubuhi walifika yadi pamoja, kila mmoja amekumbatia gunia lenye nusu ya basi. Kondakta, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kipaza, aliyaangalia magunia kabla hajawaangalia wenyewe.

"Mizigo miwili, baba. Mmoja bure, wa pili unalipia."

"Ni basi moja hilo, dada."

"Mimi naona magunia mawili."

"Ni kitu kimoja, nimekikata tu ili kiingie."

"Na mimi na mume wangu ni kitu kimoja. Tukisafiri tunakata tiketi mbili."

Abiria waliokuwa karibu wakacheka. Dereva akawasha injini. Bati alipapasa mfuko wa shati akijua fika kilichomo: tiketi, spana mbili, na zile bolti nne. Alimtazama kondakta, akalitazama buti na mabomba yake matatu yamesimama kwa kiburi. Halafu akamgeukia mkewe.

"Wewe pitia mlango wa mbele wa buti, mimi wa nyuma. Toa kwenye gunia."

"Nimevaa nguo ya kutokea, baba watoto."

"Utashona nyingine."

Mkewe akasonya, akapandisha gauni magotini, akaingia. Bati akaingia upande wake na nusu ya mkia. Wakazisukuma zile nusu mpaka fremu zikabana mabomba, moja huku, moja kule. Bati akapitisha bolti kwenye nafasi kati ya bomba na bomba. Zilifika. Zile bolti ndefu, za aibu, zilipita unene wa bomba zikatokea upande wa pili na nafasi ya nati ikabaki.

"Shika kichwa cha bolti kisizunguke!"

"Nimeshika. Kaza, acha kupiga kelele."

Alikaza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kondakta alipiga mlango wa basi kwa kiganja akisema gari halimsubiri mtu. Msimamizi akaja na filimbi yake kuona kuna nini. Bati akakaza ya nne, akatoka kinyumenyume, mgongo umejaa vumbi, akasimama.

"Sasa hesabu, dada."

Kondakta akainama. Basi la bati lilikuwa limelala humo zima, limeyakumbatia mabomba kiunoni. Akaenda mlango wa pili, akainama tena. Akalisukuma kwa mguu, halikutikisika.

"Mzee, hii ni mizigo mingapi?" akamuuliza msimamizi.

Msimamizi alijikuna kidevu. "Vuta uone kama unatoka mmoja mmoja."

"Hautoki."

"Basi ni mmoja. Funga buti, tumechelewa."

"Kule ukifika utalifungua mwenyewe, baba," kondakta akasema, ila alikuwa anatabasamu. "Na haraka."

Mkewe alimkabidhi mfuko wa viazi, akampangusa vumbi begani kwa makofi mawili yaliyozidi kazi ya vumbi. "Usiniletee mke wa tatu," akasema, akaondoka kwenda kufungua cherehani.

Bati alikaa juu ya injini, joto likaanza kumpanda. Kwenye kona ya kwanza ndoo na masanduku ya watu yalisikika yakigongana chini. Alitega sikio lake lote. Lake halikusogea.

"Unakwenda kikazi, mzee?" jirani yake wa kitini akamuuliza.

"Hapana," Bati akasema, akifungua mfuko wa viazi. "Nakwenda kuchezea vigari. Karibu yai."