Ukuta Uliofika Begani

Nilikuwa nimefika usawa wa bega mkono ulipokataa. Tope la kukandikia, udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, lilikuwa limejaa kiganjani, lakini mkono wa kulia haukwenda juu zaidi, kama vile mtu amesimama nyuma yangu na kukishika kiwiko. Nikapaka pale ulipokomea. Juu yake, mpaka kwenye boriti za paa bapa la tembe letu, ukuta ulibaki na nyufa zake.

"Jana uliishia hapa," alisema binti yangu Rahabu, akionyesha alama niliyochora kwa ukucha. "Leo umepita kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama punje ya uwele, mama."

Nilitaka kucheka, ila nikicheka kovu huvuta.

Sista wa hospitali ya misheni ndiye aliyenifundisha kutembeza vidole ukutani kila siku, mkono usije ukakakamaa. Nikaona kuliko kupapasa ukuta bure, afadhali niukandike. Mume wangu Simeoni alikuwa Kongwa, aking'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, na mvua zilikuwa karibu.

Lakini si mvua iliyonikimbiza. Siku hiyo wifi yangu Yunisi alikuwa anamleta Kefa, mwanangu wa mwisho, anione. Nilimwachia mtoto akiwa bado ananyonya, nikaenda hospitali. Niliporudi, Yunisi alisema atanirudishia nitakapoweza kumbeba. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mtoto habebwi kwa mkono mmoja, wifi."

Nilikwenda kutolewa uvimbe. Mimi nilijua hivyo: uvimbe kama yai la kanga, wautoe, nirudi nyumbani. Daktari alipopasua akakuta umesambaa. Nilipozinduka nilipeleka mkono kifuani kutafuta bandeji, nikaukuta upande wa kulia umekuwa bapa kama ubao. Nikadhani ni ndoto ya ile dawa ya usingizi. Nikangoja iishe. Hata siku hiyo, nikiwa na tope mkononi, kuna mahali ndani yangu nilikuwa bado nangoja. Nilikuwa nikioga gizani. Sikuwahi kutazama.

"Hodi hapa," Yunisi akaita. Akautazama ukuta. "Naona mmepata fundi mfupi."

"Mfupi, lakini hadai chakula kingi," nikamjibu.

Rahabu akamwamkia shangazi yake. Yunisi akafungua kaniki aliyombebea mgongoni na kumshusha Kefa. Mtoto akashika nguo ya shangazi, akanitazama kama anavyotazamwa mgeni.

"Nenda kwa mama."

Hakwenda.

"Siku hizi mama ni mimi," Yunisi akasema, kisha akainama kumfuta kamasi ambazo hazikuwepo.

Nikachuchumaa kwenye beseni la tope nikaendelea kukanda, nisimtishe mtoto kwa macho. Baada ya muda kivuli chake kikaja, halafu yeye mwenyewe. Akasimama akitazama tope. Kisha, kama alivyozoea zamani bila kuomba ruhusa, akaingiza mkono shingoni mwa gauni langu, upande wa kulia. Titi hilo ndilo lililokuwa lake.

Mkono ukasimama. Ukapapasa. Rahabu akaziba mdomo kwa viganja.

Kefa akatoa mkono, akautazama, akanitazama mimi.

"Hamna," akasema.

"Hamna," nikasema. Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo. Masikio yangu yalilisikia kama limesemwa na mtu mwingine. "Lilikuwa linaumwa. Wakalitoa."

Akageuka, akatazama ukuta, akatazama beseni. Akachota tope kwa mikono miwili na kulibandika kwenye gauni langu, pale pale. Akalisambaza kwa kiganja, taratibu, kama alivyoniona nikifanya ukutani.

"Wewe mtoto!" Yunisi akanyoosha mkono kumvuta.

"Mwache."

Iliuma. Tope lilikuwa baridi na ubaridi ukapenya kwenye nguo. Nikainamisha kichwa kuona anachofanya, na hapo ndipo nikapaona. Gauni lilikuwa limeshikana na mwili, na mwili ulikuwa hivyo. Haikuwa ndoto ya dawa. Kefa akaendelea kupaka.

Yunisi akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Akamtazama mtoto mpaka alipomaliza na kujifuta tumboni.

"Mkono bado haufiki kichwani," nikamwambia, asije akadanganyika. "Mgongoni siwezi kumfunga."

"Ana miguu," akasema. Akaikunja kaniki, akampa Rahabu. "Mfunike nayo akilala. Akiikosa hulia." Sauti yake haikuwa imara. Akauangalia ukuta. "Huko juu nikumalizie?"

"Hapana, wifi. Ni kwa kesho."

Nikachora alama mpya kwa ukucha. Kefa akachora yake chini, usawa wa goti langu. Rahabu akataka gauni akalifue, nikamwambia angoje kidogo. Nikalifunika tope lililobaki kwa gunia bichi lisikauke.