Fumbo la Panzi Watatu

Mwaka huo mafumbo yalikuja kumi na manne. Hulda Mwalongo aliyapanga juu ya meza ya jikoni, karibu na moto, maana mwezi wa sita Njombe haimruhusu mtu kukaa sebuleni. Alivaa sweta mbili, akavaa miwani, akamimina chai, akasali kidogo. Kisha akaanza kazi ya ujaji.

Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, Mwalimu Aron, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Aron na wenzake wachache walikuwa wamecheza sataranji ya kawaida mpaka ikawachosha, wakaanzisha chama cha kutunga mafumbo ya namna yao wenyewe. Katika mafumbo hayo kulikuwa na kete waliyoiita panzi, nayo ilikuwa kizibo cha soda. Panzi hatembei mpaka apate wa kumruka. Akimpata, awe wa kwake au wa upande wa pili, humruka na kutua mraba unaofuata. Asipompata hukaa palepale. Tena katika mafumbo yao weupe na weusi hawakupigana. Walisaidiana, hatua kwa hatua, mpaka mfalme mweusi akafungwa. Hulda, aliyefundisha chekechea maisha yake yote na kuamua ugomvi usiohesabika, alilipenda sana jambo hilo la maadui kusaidiana.

Fumbo zuri lina njia moja tu ya kulifungua. Likiwa na mbili, wenyewe husema limevunjika.

Kazi zote zilipitia kwa Rosemary, mwenye duka la vifaa vya ofisi na fotokopi kule Makambako. Rosemary alichora kila fumbo upya kwenye karatasi za aina moja, akalipa namba, na majina akayafungia kwenye bahasha. Kwa hiyo jaji hakujua mwandiko wa mtu wala jina lake. Na jaji alikuwa na kanuni moja kubwa, aliyoiandika Aron mwenyewe: kila fumbo alipange ubaoni kwa mkono wake, alifungue, ndipo aseme neno.

Hulda alipanga mafumbo kumi. Alipoinua karatasi ya kumi na moja, mkono ukasimama hewani.

Alilijua. Mfalme mweusi kwenye kona, panzi watatu weupe wamemzunguka kwa mbali, kila mmoja anamngoja mwenzake. Alikuwa amelijua kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu siku Aron aliporudi kutoka hospitali ya Ilembula na mguu wake wa bandeji, akafungua daftari na kusema, "Hulda, njoo uone. Hili ndilo zuri kuliko yote." Yeye alikuwa anasonga ugali. Alichungulia, akasema, "Zuri kweli," akarudi kwenye sufuria.

Siku ya maziko ya Aron, ndugu walipokaa kuandika wasifu wa marehemu, Hulda ndiye aliyeomba iongezwe sentensi moja baada ya shule alizofundisha na kabla ya idadi ya wajukuu: kwamba marehemu alitunga fumbo la Panzi Watatu. Mchungaji aliisoma kwenye kipaza sauti, na watu wa chama waliokuwa kwenye maturubai waliitikia kwa vichwa.

Sasa mtu amelileta kama lake.

Alikwenda chumbani, akatoa daftari la Aron, akalilinganisha na karatasi ya Rosemary. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa kwamba karatasi ilikuwa na kete moja zaidi: askari mweupe, pembeni kabisa mwa ubao. Hulda alimtazama yule askari kwa uchungu. Akaona mwizi ameongeza kitu ili asitambulike, kama mtu anayeiba ng'ombe akamkata sikio.

Akachukua kalamu. "Namba 11. Kazi hii imeibwa kwa marehemu Mwalimu Aron Mwalongo. Aliyeileta ameongeza askari mmoja asiye na kazi." Karatasi akaigeuza kifudifudi, akaendelea na ya kumi na mbili. Hakuipanga ubaoni. Ya nini, wakati anaijua?

* * *

Matokeo yalisomwa Makambako siku ya Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi si mbali na stesheni ya reli. Watu walikuwa ishirini na wawili, wengine wamefika na watoto mgongoni. Methusela, dereva mstaafu wa lori ambaye hajawahi kushinda hata mara moja, alikaa mbele kama kawaida yake.

"Mama Jaji," alisema, "mwaka huu nimeweka panzi sita. Usiponipa ushindi nitawaachia kwenye maharage yako."

"Panzi wako wanagongana wenyewe kwa wenyewe, Methusela. Maharage yangu hayana hofu."

Watu wakacheka. Hulda akasoma. Alianza na waliofanya vizuri, akataja uzuri wa kila kazi, maana hakupenda mtu arudi kwao mikono mitupu. Hata panzi sita wa Methusela aliwapatia neno jema. Alipofika namba kumi na moja sauti yake ilibadilika. Alisoma alivyoandika, neno kwa neno.

Ikafuata desturi ya kufungua bahasha. Rosemary alitaja majina kwa namba. Kwenye ya kumi na moja alisita, akamtazama Hulda, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Filbert Mgaya. Mdandu."

Hulda alimjua vizuri. Filbert, fundi seremala aliyefanya kazi misheni ya Uwemba mpaka alipostaafu. Filbert ndiye aliyelitengeneza jeneza la Aron kwa mbao alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kabati lake mwenyewe, na alipoulizwa malipo alijibu tu, "Ni rafiki yangu." Mtu huyohuyo!

Mzee alikuwa amekaa safu ya nyuma. Aliinuka taratibu, akaikunja karatasi ya matokeo mara nne, akaitia mfukoni. Kila mtu alingoja aseme kitu. Alipita mbele, akampa Hulda mkono kama alivyokuwa akifanya siku zote.

"Shemeji, pole na kazi," alisema. Akatoka.

"Ana uso mkavu," mtu alinong'ona nyuma. Hulda alisikia, na hakumkanya.

* * *

Rosemary alipiga simu wiki mbili baadaye. Kila mwezi wa kumi chama hutoa kijitabu cha matokeo, naye alikuwa ameanza kukipanga.

"Mama, shikamoo. Nahitaji michoro miwili ya lile fumbo. La Mwalimu, na lile la mzee Filbert. Tuyaweke sambamba, watu waone wenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Si nilishasema?"

"Ulisema, Mama. Lakini ni jina la mtu."

Basi Hulda akapanga ubao. Alianza na la mumewe, kama lilivyo kwenye daftari. Alilifungua kabla chai haijapoa, akafurahi, maana lilikuwa zuri kuliko alivyokumbuka: panzi wa kwanza anaruka ili wa pili apate wa kumruka, na mfalme mweusi mwenyewe anasogea kuwa daraja la wa tatu. Kisha, kwa kujaribu tu, akamrusha panzi wa tatu upande mwingine. Akatua pembeni mwa ubao. Hatua moja baadaye mfalme akafungwa tena.

Njia mbili. Alirudia mara tatu, kwa kidole. Fumbo la daftarini lilikuwa limevunjika.

Akachukua askari mweupe, akamweka pale alipokuwa kwenye karatasi ya namba kumi na moja. Alikaa barabara kwenye ule mraba ambao panzi alitaka kutua. Njia ya pili ikazibwa. Yule askari asiye na kazi ndiye aliyelishika fumbo zima.

Hulda alivuta daftari tena, na safari hii hakutazama ukurasa ule tu. Alilifungua toka mwanzo. Aron alikuwa mtu wa kufutafuta. Kila fumbo lake lilitanguliwa na kurasa saba, nane, za michoro iliyokatwa, mishale, madoa ya chai, na maneno kama "bado" na "panzi huyu mjinga". Panzi Watatu lilikaa peke yake kwenye ukurasa safi. Hapakuwa na jaribio hata moja kabla yake. Lilikuwa limeandikwa kama mtu anavyonakili kitu kizuri cha mwenzake ili kisimpotee.

Wala Aron hakuwahi kusema ni lake. Alisema ni zuri kuliko yote. Katika miaka yote ile Hulda hakumuuliza hata siku moja, "Ni la nani?"

* * *

Hulda alifika Mdandu saa nne asubuhi. Telesia, mke wa Filbert, alikuwa uani anaanika mahindi. Aliitikia salamu bila kuinua macho.

"Kamwene, Mama Jaji. Umekuja kukagua na kuku? Wote ni wetu, tumewatotolesha hapahapa."

"Nimekuja kuomba radhi, Telesia."

Telesia aliendelea kutandaza mahindi kwa muda. Halafu akafuta mikono, akamletea kigoda, akakiwekea kipande cha blanketi juu kwa sababu ya baridi. Hulda aliliona hilo, nalo likamuumiza kuliko maneno ya kuku.

Filbert alitoka ndani akipapasa mlango. Hulda hakuzunguka. Alisema yote: daftari, ukurasa safi, askari.

"Ee," Filbert alisema. "Tulilala vitanda jirani pale Ilembula, yeye mguu, mimi mgongo. Nililitunga kwa siku tisa. Mwenzangu akaomba alinakili. Muuguzi alikuwa ameweka kikombe cha uji pembeni ya ubao, nadhani askari alikuwa nyuma yake. Nami sikulitazama daftari."

"Na siku ya maziko? Ulikuwepo, shemeji. Ulisikia ule wasifu."

"Ulitaka niseme nini? Rafiki yangu yuko kwenye sanduku nililolipiga randa mwenyewe, watoto wanalia, halafu mimi ninyooshe mkono: samahani Mchungaji, panzi ni wangu?"

Telesia akacheka bila kupenda, na Hulda pia, machozi yakimtoka.

"Sasa mbona ukalileta mwaka huu?"

Mzee aligusa paji la uso. "Macho. Ni presha ya macho, wamesema haitarudi nyuma. Bado naona ubao nikiuinamia, lakini si kwa muda mrefu. Nimetunga mengi, shemeji, ila hilo ndilo lililotoka sawasawa. Nikasema angalau liandikwe mara moja na jina langu, nilione. Nikajua jaji ni wewe. Nikawaza, Hulda akilipanga ubaoni atamwona yule askari anafanya nini, naye ataelewa mwenyewe, bila mtu kumwaibisha marehemu." Akamgeuzia Hulda uso. "Ulilipanga?"

Hulda angeweza kusema lolote. Walikuwa wameshamsamehe, aliona.

"Hapana," alisema. "Sikulipanga."

Filbert aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa habari za msiba wa mbali. Kuku wakaja kwenye mahindi, Telesia akawafukuza. Baadaye mzee alisema, "Basi liache, shemeji. Ukilisahihisha, itabidi useme wasifu wa mumeo haukuwa kweli. Mimi nimezoea."

"Sitaliacha."

"Liache."

"Shemeji, umenifichia aibu mara mbili. Ya tatu siichukui."

* * *

Hulda aliandika upya maneno ya jaji, akamwomba Rosemary ayatume kwenye simu za wanachama wote siku hiyohiyo: "Fumbo la Panzi Watatu ni kazi ya Filbert Mgaya wa Mdandu. Mume wangu alilinakili kwa sababu alilipenda. Mimi ndiye niliyelisema kuwa lake mbele ya kaburi, bila kuuliza, na mimi ndiye niliyemwita mwenye fumbo mwizi bila kulipanga ubaoni. Namba 11 ndiyo ya kwanza. Ujaji nimeuacha." Alikwenda pia kwa mchungaji wake. Jumapili, baada ya matangazo, alisimama na kusema mbele ya usharika kwamba sentensi moja ya wasifu wa Aron haikuwa sahihi, na kosa si la marehemu. Wengi hawakuelewa habari za panzi. Walimwonea huruma tu.

Methusela alimpigia kutoka Makambako. "Mama, usiache ujaji. Nani mwingine atawasifia panzi wangu?" Hulda alikataa.

Kijitabu kilitoka mwezi wa kumi. Rosemary, bila kuombwa, alichapa ukurasa wa Filbert peke yake kwenye karatasi kubwa, jina juu kwa herufi nene kama za tangazo la mkutano wa injili, na mchoro chini yake, askari akiwa mahali pake. Hulda aliikunja ndani ya khanga isilowe, akaipeleka Mdandu.

Filbert aliipokea kwa mikono miwili. Akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaiinua, akaisogeza, akairudisha mbali. Tangu mwezi wa saba Telesia ndiye aliyekuwa akimmiminia chai na kumshikisha kikombe. Mzee alikaa pale mlangoni kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi, akakipitisha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, mahali palipokuwa peupe tu, chini ya mchoro, pasipo na neno.

"Naliona, shemeji," alisema. "Limetoka vizuri."

Telesia aligeuza uso, akaanza kutafuta kitu kwenye kabati. Hulda alikitazama kidole kile cha fundi, kipana, chenye kovu la patasi, kikitulia juu ya karatasi tupu.

"Limetoka vizuri sana," alisema.