Ndege ya Zein

Zein alikuwa fundi wa redio mjini Malindi, na mwaka ule wa 1984 alizama katika kazi moja hata kula akasahau. Mgeni wa hoteli alimwachia mtambo wa kuongozea vitu kwa mawimbi ya redio, pamoja na injini ndogo kama ngumi ya mtoto. Zein akaamua kuunda ndege ya kivita, mfano wa zile walizorusha Waingereza katika vita vya Hitla. Picha yake alikuwa nayo, kaikata kwenye gazeti kuukuu.

Mkewe Mahfudha mwanzo alinuna, maana ukumbi uligeuka karakana. Lakini ilipofika zamu ya kuvika mbawa kitambaa, mikono ya Zein ilimshinda. Mahfudha, aliyekuwa mshonaji, akamnyang'anya kazi. Alizivika hariri, akaivuta isibaki na kunyanzi hata moja, kisha Zein akaipaka vanishi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Bawa hadi bawa ilikuwa karibu pima nzima, kimo cha mtu.

Kambi, msimamizi wa majaruba ya kukaushia chumvi kule Gongoni, aliwaruhusu kuirusha kwenye jaruba lililokauka. Wakaenda Jumapili asubuhi. Mahfudha akamchukua na mama yake, Bi Zuleikha, akapunge hewa. Hakumweleza mengi, alimwambia tu kwamba Zein ameunda kitu na leo anakijaribu. Bi Zuleikha akauliza kama huko kuna pa kukaa.

Ndege ilikimbia juu ya chumvi, ikadunda kidogo, ikapaa. Mahfudha alicheka peke yake. Ile hariri aliyoishona kwa mkono wake ilikuwa angani! Zein akaipeleka upande wa bahari hata ikawa nukta, kisha akaigeuza na kuirudisha chini chini, ikinguruma, moja kwa moja juu ya vichwa vyao.

Mahfudha hakujua kilichompiga. Alijikuta kifudifudi, chumvi mdomoni, mama yake amemlalia mgongoni na kumkandamiza kichwa.

"Usiinuke, Harusi," mama alikuwa akisema. "Usiinuke."

Si sauti aliyoizoea. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto. Na Mahfudha hakumjua mtu yeyote aitwaye Harusi.

Zein aliishusha ndege ovyo, gurudumu moja likang'oka, akaja mbio. Kambi alisimama mbali, kofia mkononi, asijue afanye nini. Ikawabidi Mahfudha na Zein kumbembeleza Bi Zuleikha hata akalegeza mikono. Alipoketi, uso umejaa chumvi, alitazama huku na huku kama anayehesabu watu.

Mahfudha alimwuliza taratibu Harusi ni nani.

"Mdogo wangu," akajibu.

Miaka yote Mahfudha aliambiwa mama yake alizaliwa peke yake.

Bi Zuleikha akaeleza, maneno yakimtoka moja moja. Walikuwa ufuoni Malindi wakiokota kombe, watoto wawili, ndege zilipokuja wakati wa vita vya Hitla. Hawakuwa wamewahi kuona ndege. Wakazipungia mkono. Kisha mji ukatikisika. Harusi hakuguswa na bomu, ila tangu saa ile hakusema wala kula. Watu walikimbilia mashambani, na huko Ganda akafariki. Mama yao akakataza jina lake lisitajwe nyumbani, na halikutajwa.

Zein alijaribu kusema kwamba waliopiga mji wakati ule ni Wataliano, na hii si yao. Mfano wake ni ndege ya Waingereza, haikuwa miongoni mwa zile.

"Mwanangu," Bi Zuleikha akamwambia bila hasira, "sisi tulikuwa chini. Hatukuona ni ya nani."

Zein akaenda kuokota gurudumu lililong'oka.

Walirudi mjini kwa pikapu ya Kambi, wanawake mbele, Zein nyuma na ndege yake. Kila mwezi Mahfudha alikuwa akipita Ganda kununua nazi, akiteta bei na kucheka na wauzaji, kumbe mama yake mdogo amelala palepale. Akauliza kaburi liko wapi.

"Shambani kwa Mgiriama mmoja aitwaye Gona," mama akasema. "Alitupa pahali pa kuzika. Sijui kama nitapatambua."

"Kesho tutaenda kuuliza," Mahfudha akasema.

Bi Zuleikha akachukua ncha ya leso yake, akaanza kumfuta mwanawe chumvi usoni.